Mama anasoma bila miwani, lakini hanitambui mlangoni

Bi Mshauri, assalaam aleikum.

Mimi ni kitinda mimba katika familia ya watoto watatu. Naishi Tanga na Mama yetu mwenye miaka 69. Baba alishatangulia mbele ya haki. Kaka yetu mkubwa yuko Muscat kikazi, na dada anayemfuata ameolewa Dar es Salaam. Gharama za nyumba kwa kweli anazibeba kaka, na sina la kumlaumu katika hilo. Mimi nauza maandazi na chapati asubuhi, muda uliobaki wote ni wa Mama.

Mama ana kisukari cha siku nyingi, anatumia vidonge. Mwaka jana macho yalianza kumsumbua. Alikuwa akisema taa za bodaboda usiku zinamchoma, na mchana anaona moshi. Tukaenda hospitali, akapimwa, tukaambiwa ana mtoto wa jicho macho yote mawili, la kulia ndilo limekomaa zaidi, na tiba yake ni upasuaji. Mama akasema hataki. Kuna mzee jirani yetu aliyefanyiwa upasuaji wa jicho zamani, na jicho lile hadi leo halioni. Tena aliposikia kwamba wanatoa lenzi na kuweka ya plastiki, ndiyo akakataa kabisa. "Mungu hakuniumba na plastiki," akasema, mazungumzo yakaishia hapo.

Nilipomweleza kaka, aliniambia nisimsumbue Mama, dawa ataitafuta yeye. Akatuma chupa za matone kwa mtu aliyekuwa anarudi nyumbani. Anasema aliona video inayoeleza kwamba mtoto wa jicho ni protini iliyoganda ndani ya jicho, na matone yale yanaiyeyusha. Akaagiza pia Mama aachishwe mayai, samaki na maharage ili protini isizidi. Kwa hiyo sasa Mama anakula wali na mchicha, kesho ugali na bamia. Amepungua mwili, magauni yanampwaya.

Sasa Bi Mshauri, kilichonichanganya ni hiki. Baada ya kama miezi miwili ya matone, Mama aliacha miwani yake ya kusomea. Mtu aliyevaa miwani tangu mimi niko shule ya msingi, leo anashika msahafu anasoma hivi hivi. Aliita majirani waje waone. Kaka alipigiwa simu ya video akasomewa Yasin, akalia. Tangu hapo nikitaja hospitali naonekana mimi ndiye mbaya.

Lakini mimi ndiye ninayeshinda naye. Nikisimama mlangoni hanitambui mpaka nitoe salamu. Akichambua mchele anaacha mawe. Idi iliyopita nilimnunulia kanga nyeupe yenye pindo la buluu iliyokoza, akanishukuru sana kwa kanga yake ya rangi ya maziwa yenye pindo jeusi. Nikadhani ananitania. Juzi alikosea ngazi ya baraza akaanguka, kwa bahati akachubuka goti tu.

Dada anasema nisipoteze muda. Nimwambie Mama tunakwenda Dar kupima miwani, tukifika afanyiwe upasuaji, akishaona atatusamehe. Kaka alipopata fununu akanitumia ujumbe wa sauti: "Ukimpeleka akapofuka, usinipigie simu." Ujumbe ule siufuti na siwezi kuusikiliza tena.

Nimdanganye Mama? Niendelee kumtia matone nisiyoyaamini? Au ninyamaze, kwa kuwa mwenyewe anasema anaona? Na kweli, mbona anasoma?

Kitinda Mimba, Tanga

*

Waaleikum salaam, mwanangu.

Pole na kazi ya kumwangalia Mama, na pole zaidi na ule ujumbe wa sauti. Kabla ya kukuandikia nilizungumza na daktari wa macho, maana nusu ya mgogoro wenu unatokana na kitu kilicho ndani ya jicho, na nusu nyingine ni ya familia. Kama nimekuelewa, kila mmoja nyumbani ana ushahidi wake. Kaka ana Yasin iliyosomwa bila miwani. Dada ana cheti cha daktari. Mama ana jirani yake. Wewe una mawe kwenye mchele na ngazi ya baraza, na ushahidi wako ndio usiosikilizwa, kwa sababu wewe ni mdogo na kwa sababu fedha zinatoka Muscat.

Naanza na swali lako la mwisho, kwa kuwa ndilo linalowafunga mdomo.

Lenzi ya jicho, ile iliyo nyuma ya mboni, imejaa protini zinazoitwa kristalini. Zimebanana kwa mpangilio unaoruhusu mwanga upite bila kutawanyika. Seli za lenzi zikikomaa hujiondolea viini vyake na karibu kila kilichomo ndani, ili pasibaki cha kuzuia mwanga. Lakini seli isiyo na kiini haiwezi kutengeneza protini mpya. Kwa hiyo protini za katikati ya lenzi ya Mama ziliundwa akiwa bado tumboni mwa bibi yako, na anatazamia hizo hizo mpaka leo. Sikupambii maneno. Mwaka 2008 watafiti wa Denmark walichunguza lenzi za marehemu wakitafuta alama ya kaboni yenye mionzi, ile iliyoongezeka hewani kwa majaribio ya mabomu ya nyuklia ya miaka ya 1950 na 1960. Kiwango walichokikuta ndani ya kristalini kililingana na mwaka ambao mtu alizaliwa.

Protini ikikaa miaka yote hiyo bila kubadilishwa, huharibika. Miale ya jua huiathiri, oksijeni huiathiri, na kwa mwenye kisukari, sukari hujibandika juu yake. Pole pole inakunjuka, sehemu zilizokuwa zimejificha ndani zinatokeza nje na kushikana na protini ya jirani. Ujanani hilo linadhibitiwa. Mwaka 1992 Joseph Horwitz, mtafiti wa Los Angeles, alionyesha kwamba aina moja, alfa kristalini, hukamata zile zinazoanza kukunjuka na kuzizuia zisigandane. Ila akiba ya alfa nayo haiongezwi katikati ya lenzi, na mtu akifika umri wa makamo, pale katikati huwa imekwisha au imebaki kidogo sana. Baada ya hapo mabonge yanajengeka, na mwanga ukiyapiga unatawanyika. Huo ndio moshi anaouona Mama mchana, na ndiyo sababu taa za bodaboda zinamchoma usiku.

Protini hizo pia hugeuka manjano, kwa wengine kahawia, na rangi hiyo huzuia mwanga wa buluu usifike nyuma ya jicho. Mama hakukutania kwenye kanga. Kanga aliyoiona yeye ilikuwa ya maziwa kweli na pindo lake jeusi.

Sasa kusoma. Kiini cha lenzi, yaani sehemu yake ya katikati, kinapozidi kushikamana, hupinda mwanga kwa nguvu kuliko zamani, na jicho linageuka kuwa la kuona karibu. Mzee aliyekuwa hawezi kusoma bila miwani anaweza kuiweka kando kwa miezi kadhaa, wakati mwingine zaidi, huku kuona kwake kwa mbali kunazorota. Madaktari wa macho wanaijua hali hii, na wanajua haidumu. Sijampima Mama, na kwa mwenye kisukari, sukari ikipanda au kushuka nayo huchezea macho kwa muda, kwa hiyo anayeweza kusema kwa uhakika ni atakayemtazama. Lakini ukinisomea barua yako bila kutaja matone, ningekwambia kwamba kusoma msahafu na kutokukutambua mlangoni vinaweza kuwa na chanzo kimoja. Vingetokea hata chupa zile zingebaki dukani.

Nakuomba usilichukue hili ukamkabili nalo kaka kama mtu aliyeshinda kesi. Kaka hakukosea yote. Ni kweli mtoto wa jicho ni protini zilizogandana, video yake ilisema sawa hapo. Kosa liko jikoni. Samaki na maharage anayokula Mama leo hayaendi kuganda kwenye lenzi, maana protini zilizochafuka humo ni kongwe kuliko ninyi watoto wake wote. Chakula alichonyimwa kinampunguzia nguvu na misuli, na wali mtupu ndio unaompandishia sukari. Katika barua yako yote hili ndilo pekee nitakalokuambia bila kuzunguka: mrudishie Mama samaki wake, mayai na maharage, kwa mpangilio wa kliniki yake ya kisukari. Halihitaji kibali cha mtu.

Kuhusu matone, wazo lenyewe halikutoka hewani. Mwaka 2015 jarida la kisayansi la Nature lilichapisha utafiti wa dutu iitwayo lanosteroli, ambayo ilipunguza ukungu kwenye lenzi za mbwa. Dunia nzima ilifurahi, na wauza matone wakafurahi zaidi. Wengine wakachukua viini vya lenzi za binadamu vilivyotolewa kwenye upasuaji, wakavitumbukiza kwenye lanosteroli, havikusafika. Mpaka leo hakuna tone lililothibitishwa kuondoa mtoto wa jicho kwa mtu. Unapika, unajua tui likishakatika chunguni hata ukoroge mpaka magharibi halirudi lilivyokuwa, na kwenye kiini cha lenzi ya mzee hali ni hiyo. Kinachonitia wasiwasi ni kilichomo ndani ya chupa. Baadhi ya matone yanayouzwa kiholela huwa na steroidi, dawa ya kutuliza uvimbe, na hiyo ikitumika muda mrefu hupandisha presha ya jicho na huweza yenyewe kuleta mtoto wa jicho. Chupa iliyokaa wazi miezi nayo inaweza kuwa na vijidudu. Usiitupe. Ipeleke kwa daktari wa macho au mfamasia aisome, ndipo mjue mnaacha nini na kwa namna gani.

Nije kwa shauri la dada yako. Naelewa anakotoka, yuko mbali na amechoka kuogopa kwa simu. Ila nimejiuliza mpango wake utafanyikaje. Upasuaji huu kwa wazee wengi hufanywa kwa ganzi ya jicho tu. Mama atakuwa macho, atasikia kila neno, atatakiwa alale bila kujitikisa na kufuata maelekezo. Kabla ya hapo ataulizwa kama ameridhia na ataweka sahihi au dole gumba. Ikiwa anagundua ukweli akiwa amelala kitandani na kitambaa usoni, atatulia? Kisha kuna jicho la pili. Mama aliyedanganywa kwa la kwanza, la pili mtamwambia nini? Dada anaweza kuwa sahihi kwamba atasamehe. Wako wazee waliosamehe. Wako pia waliokataa kutia dawa baada ya upasuaji kwa hasira, na wiki zile za dawa ni muhimu.

Umeandika kama vile Mama anakataa kwa ukaidi. Sina hakika. Nikiisoma upya sehemu ile, naona ametoa sababu mbili na hakuna aliyezijibu.

Ya kwanza ni jirani. Mmewahi kumuuliza yule mzee, au mkewe, nini kilitokea? Huenda alikuwa na presha ya jicho iliyoharibu mshipa wa fahamu wa jicho kabla hajafika hospitali, na hapo kutoa lenzi hakurudishi kitu. Huenda alipata maambukizi baada ya upasuaji. Hilo hutokea mara chache, lakini hutokea, na sitaki umwambie Mama kwamba halipo. Kwa Mama mwenyewe kuna la kuuliza mapema: kisukari huweza kuharibu retina, lile tabaka la nyuma ya jicho linalopokea picha. Kama limeguswa, upasuaji unaweza kumsaidia kiasi tu, na ni heri alijue hilo kabla kuliko baada. Wakati mwingine lenzi imechafuka kiasi kwamba daktari hawezi kuitazama retina vizuri mpaka aitoe, naye atawaeleza hivyo.

Ya pili ni plastiki. Hapa kuna kisa anachoweza kukipenda. Wakati wa Vita Kuu ya Pili daktari wa Uingereza, Harold Ridley, alitibu marubani walioingiwa na vipande vya plastiki ya vioo vya ndege machoni, akaona jicho halivikatai kama linavyokataa vitu vingine. Mwaka 1949, London, akamwekea mgonjwa lenzi ya plastiki ya aina hiyo. Wenzake walimpinga kwa miaka mingi. Leo ndiyo njia ya kawaida duniani. Mama anaweza bado kusema hataki, ila atakuwa anakataa kitu anachokijua. Ikiwa jambo lenyewe kwake ni la dini, kama inafaa kwa mja, basi sheikh wa msikiti wenu atamjibu vizuri kuliko mimi au daktari. Amuulize na mengine anayoyawaza bila kuyasema: udhu wakati jicho halitakiwi kuingia maji, na sujudu katika siku ambazo ataambiwa asiiname. Nimekutana na wazee waliokuwa wakihofia sala zao kuliko kisu.

Na kuna jambo ambalo nisipokuambia mimi, hospitali wanaweza kusahau. Lenzi ya bandia kwa kawaida hupangwa kwa ajili ya kuona mbali. Maana yake Mama akifanyiwa, atakutambua mlangoni na ngazi ataiona, lakini huenda akarudi kwenye miwani ya kusomea. Kwa mtu aliyeita majirani washuhudie anasoma bila miwani, hiyo ni hasara ya kweli na asiikute kwa kushtukiza, maana atasema mmemharibu. Inawezekana kumuuliza daktari kama lenzi inaweza kupangwa kwa kuona karibu, Mama avae miwani ya mbali badala yake. Achague mwenyewe anakotaka kuona bila miwani.

Je, kusubiri kunafaa? Kwa watu wengi mtoto wa jicho wa uzeeni si dharura, na mtu mzima ana haki ya kusema bado. Mkisubiri, subirini kwa mpango: apimwe upya mara kwa mara, sukari ishuke, ngazi ya baraza ipakwe rangi nyeupe ukingoni, taa ya korido iwe inawaka, mchele uchambue wewe. Mjue pia bei ya kusubiri. Lenzi huzidi kuwa ngumu na upasuaji wake huwa mgumu zaidi. Anguko linalofuata huenda lisiishie kwenye goti. Na lenzi ikikomaa kupita kiasi, protini zake huweza kuvuja nje ya kifuko na kuziba njia ya maji ya jicho, presha ikapanda ghafla. Jicho likiwa jekundu, likauma sana, kichwa na kutapika vikafuatana nalo, hapo hakuna kusubiri mtu apige simu kutoka Muscat. Ni hospitali siku ile ile.

Mkiamua upasuaji, kwa kawaida huanza jicho moja, lile baya zaidi, ili la pili libaki la kutegemea. Lenzi ngumu mara nyingi hutolewa nzima kwa mkato mdogo ambao kwa kawaida hauhitaji uzi, au huvunjwavunjwa kwa mashine ya mawimbi ya sauti. Kifuko cha lenzi hubaki, nacho baada ya miezi au miaka huweza kupata ukungu. Wengi hudhani ugonjwa umerudi. Kifuko hicho hutobolewa kwa leza, bila mgonjwa kulazwa.

Sasa ule ujumbe wa kaka. Umeusikia kama kitisho, na ni kitisho. Mimi nimesikia pia mtu aliye mbali na mama yake, ambaye kwa mara ya kwanza aliamini kuna kitu amemfanyia macho yake, na sasa mdogo wake anakuja kukibatilisha. Sijui kama nimempatia, wewe unamjua. Ungeweza kumwandikia bila kutaja matone kabisa: umweleze kanga, mchele na ngazi, kisha umuombe siku ya kliniki awe kwenye simu ili amsikilize daktari yeye mwenyewe na amuulize atakayo, pamoja na swali la kwa nini Mama anasoma. Jibu hilo likitoka kwa daktari halitakuwa ushindi wako wala aibu yake. Labda ataomba msubiri hadi likizo yake awepo. Mama akikubali na daktari akaona hakuna hatari, hilo nalo ni jibu. Au atakataa kusikiliza. Hapo utabaki na Mama na dada, na itabidi mkubaliane kwa maneno ya wazi, kabla ya upasuaji, kwamba likitokea la kutokea lawama haitakuwa ya aliyeshika mkono wa Mama kumwingiza ndani. Mwambie dada alitamke hilo. Asiwe na shauri tu.

Na Mama? Kaa naye jioni moja, si siku ya kugombana. Usianze na upasuaji. Muulize ni nini anakikosa sasa hivi ambacho hakisemi. Inawezekana akasema hakuna. Inawezekana akataja sura ya mjukuu, au kutembea peke yake kwenda msibani. Ukishajua hilo, utajua kama upasuaji unamfaa yeye au unawafaa ninyi.

Kwa ukanda wenu KCMC kule Moshi na CCBRT ya Dar es Salaam zina huduma kubwa za macho, na hospitali iliyompima mwanzo inaweza kumwandikia rufaa. Siku mtakayokwenda, hata kama ni kwa ajili ya kuuliza tu, chukua daftari lake la kisukari, vidonge vyote anavyotumia, miwani yake ya zamani na ile chupa ya matone. Muulizeni daktari hali ya retina, presha ya jicho, na lenzi itapangwa kwa umbali gani. Mama awepo anasikiliza, na maswali aanze kuuliza yeye.